Jinsia katika tanzia za Kigiriki zinazoigizwa leo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huyasikia kila ninapoongoza kikundi kusoma tamthilia za Ugiriki ya kale kwa sauti. Mengine huulizwa na wanafunzi, mengine na waigizaji waliobobea. Nimeyajibu kwa urefu pale ninapoona yanastahili.

Jinsia inaingiaje kwenye tamthilia zilizoandikwa karibu miaka 2,500 iliyopita?

Inaingia tangu mlangoni. Katika uwanja wa maigizo wa Dionysus, mungu wa mvinyo na wa maigizo, chini ya kilima cha Akropoli pale Athene, hakuna mwanamke aliyepanda jukwaani. Medea, mke anayeachwa na mumewe na kulipiza kwa kuua watoto wao, alichezwa na mwanamume, Antigone vilevile. Hata wale wanawake wa Korintho wanaoimba katika *Medea* walikuwa raia wanaume 15 wa Athene, wamejifunika vinyago na mavazi marefu. Hilo ndilo kundi tunaloliita korasi: waliimba, wakacheza, wakazungumza na wahusika, na hawakuondoka mbele ya macho ya watazamaji mpaka mwisho.

Mwanamke wa Athene hakuwa na kura. Hakuweza kusimama mahakamani kujisemea. Maisha yake yote alikuwa chini ya msimamizi wa kiume, kwanza baba, kisha mume, na mume akifa, mwana au ndugu. Lakini mji huohuo, kila majira ya kuchipua, ulikusanyika kumtazama Klytemnestra akimuua mumewe mfalme na Antigone akikataa amri ya mtawala Kreon na kumzika ndugu yake. Tanzia zilizotufikia zinazidi 30, na ni moja tu isiyo na mhusika mwanamke hata mmoja, *Philoctetes* ya Sophocles. Wanaume waliowafungia wanawake ndani hawakuweza kutunga bila wao.

Kwa hiyo mwongozaji wa leo hawezi kulikwepa swali la nani avae uso wa nani. Hata akiamua kutojali, watazamaji watalisoma jibu lake.

Wanawake walikuwa wakienda kutazama?

Wataalamu wanabishana mpaka leo. Kinachojulikana bila ubishi ni kwamba mtunzi, waigizaji, waimbaji na waamuzi wa mashindano wote walikuwa wanaume.

Euripides alikuwa mtetezi wa wanawake au mbaya wao?

Swali hili kuhusu mtunzi wa *Medea* liliulizwa angali hai. Mwaka 411 KK Aristophanes alitunga futuhi ambamo wanawake wa Athene wanafanya kikao cha kumhukumu Euripides kwa kuwachafulia jina jukwaani. Kwa upande mwingine, ni Euripides huyohuyo aliyempa Medea hotuba ambayo haijazeeka. Medea anasema mwanamke hutoa mali ili anunue mume, kisha mume huyo anakuwa bwana wa mwili wake. Mume akichoka na nyumba hutoka akapunge upepo na rafiki zake, mke hana pa kwenda. Tena wanaume husema sisi tunakaa salama nyumbani wao wakienda vitani. Wajinga! Afadhali nisimame mara tatu na ngao vitani kuliko kuzaa mara moja.

Tafsiri ya Gilbert Murray ilipopanda jukwaani London mwaka 1907, wanawake waliokuwa wakidai haki ya kupiga kura Uingereza waliichukua hotuba hiyo kama yao. Na *Medea* ilipoigizwa mara ya kwanza, mwaka 431 KK, ilishika nafasi ya tatu kati ya watunzi watatu.

Mimi siamini kwamba Euripides alikuwa mwanaharakati. Alikuwa mtunzi aliyesikiliza vizuri, na aliyesikiliza vizuri huandika hata yale yanayompita yeye mwenyewe.

Mbona bado kuna maonyesho ya wanaume watupu?

Mawili yanatajwa sana, na yanatofautiana kama usiku na mchana.

Mwaka 1981 Peter Hall aliongoza *Oresteia* ya Aeschylus, tanzia tatu zinazofuatana ambamo Klytemnestra anamuua mumewe, naye anauawa na mwanawe Orestes, katika Jumba la Taifa la Maigizo, London, kwa tafsiri ya Tony Harrison. Waigizaji wote walikuwa wanaume, wote wamevaa vinyago. Harrison alifika mbali: aliunda maneno mapya ya Kiingereza ya kutaja mungu-wa-kike na mungu-wa-kiume, mtoto-wa-kike na mtoto-wa-kiume, ili kila mstari ukumbushe kwamba hii ni vita ya jinsia mbili. Hoja yao ilikuwa kwamba tamthilia hii ilitungwa na wanaume ili ihalalishe utawala wa wanaume, basi tuione hivyo bila kuipamba. Wapo waliokubali. Wapo wengi, hasa wanawake wa fani ya maigizo, waliosema kuwa ukitaka kuonyesha jinsi wanawake walivyonyamazishwa, kuwanyamazisha upya si njia. Mwaka 1985 mtaalamu Sue-Ellen Case aliandika kwamba wanawake tunaowaona katika tanzia hizi si wanawake hata kidogo, ni sura ya mwanamke iliyobuniwa na mwanamume kwa matumizi yake. Siendi naye mpaka mwisho, ila sijawahi kusoma tanzia bila sauti yake masikioni.

Ninagawa ni habari nyingine. Huyu mwongozaji wa Japani alianza kuionyesha *Medea* yake Tokyo mwaka 1978, akampa Mikijiro Hira nafasi ya Medea. Japani wanawake walipigwa marufuku kwenye jukwaa la kabuki, maigizo ya jadi ya huko, mwaka 1629, na tangu hapo wapo wanaume waliofanya kumcheza mwanamke kuwa ufundi wa maisha yao yote. Watazamaji wa kule hawakushangaa kumwona Hira katika mavazi mazito ya kike. Kilichowashika ni pale uchungu wa Medea unapofika ukingoni. Kutoka kinywani anaanza kuvuta utepe mwekundu, mrefu, hauishi, na korasi nao wanavuta tepe zao. Hakuna kilio wala neno. Huo ni mwili wa mwanamume, lakini anayetema damu ya maneno aliyozuiwa kuyasema ni mwanamke.

Medea ameua watoto wake. Kwa nini kila mwongozaji anamtaka?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kwa hasira zaidi, hasa na akina mama, nami sina haki ya kuwaambia watulie.

Wapo waongozaji wanaomchukua kama kesi ya polisi. Simon Stone, kule Amsterdam mwaka 2014, alimfanya daktari wa siku hizi, akiegemea kisa cha kweli cha daktari mmoja wa Kansas, Marekani, mwaka 1995. Luis Alfaro alimfanya mhamiaji kutoka Mexico asiye na karatasi, fundi wa kushona anayeogopa hata kutoka nje, wakati mumewe anapanda ngazi za maisha kupitia mwajiri wake mwanamke. Kwa Alfaro unaelewa haraka kitu ambacho wengi hukiacha: Medea ni mgeni. Hana baba wa kurudi kwake, hana kaka, na nchi ameikata kwa mkono wake. Kumtaliki mwanamke wa namna hiyo ni kumtoa duniani.

Sasa niseme linalonikera. Matoleo mengi ya kisasa yanapunguza korasi au kuifuta kabisa, kwa kisingizio kwamba watu wa leo hawaelewi kundi linaloimba. Ukiifuta unabaki na mwanamke mmoja jikoni na kisu, na watazamaji wanatoka wakisema alikuwa kichaa. Lakini katika tamthilia yenyewe wanawake wa Korintho wapo tangu mwanzo. Wanamhurumia. Anawaomba wasimtoboe siri, nao wanakubali, kwa sababu kila mmoja anaijua ndoa. Akitaja watoto, wanamsihi asifanye. Hatimaye watoto wanapiga kelele ndani ya nyumba, na wanawake wale nje wanaulizana, tuingie? Hawaingii. Tanzia ya *Medea* imo katika mlango ule ambao hakuna anayeufungua. Ukiondoa walio nje ya mlango, umebakiza mauaji tu.

Ndiyo maana naliheshimu onyesho la *Medea* la London la mwaka 2023, alipomcheza Sophie Okonedo. Wanaume wote, mume, mfalme, mgeni wa Athene, hata mlezi wa watoto, walichezwa na mwigizaji mmoja, Ben Daniels. Kila mlango ambao Medea anaugonga unafunguliwa na uso uleule.

Ni halali kubadili mwisho?

Wagiriki wenyewe walibadili. Hadithi zilikuwa za wote, kila mtunzi akazipinda atakavyo.

Mfano wa kufaa ni *Oresteia*. Katika sehemu ya tatu Orestes anashitakiwa kwa kumuua mama yake, na mungu Apollo anamtetea kwa hoja inayochoma mpaka leo: mama si mzazi. Mzazi ni yule apandaye mbegu, mama anaitunza tu kama mwenyeji amtunzavyo mgeni. Athena, mungu wa kike asiyezaliwa na mama, anapiga kura yake upande wa Orestes, na kijana anaachiwa. Nimewahi kuisoma hoja hiyo mbele ya wanawake waliozaa, na hakuna kikao kilichonyamaza namna ile.

Ariane Mnouchkine, na kikundi chake cha Théâtre du Soleil cha Ufaransa, kati ya 1990 na 1992, hakugusa mstari wa mwisho. Aligusa mwanzo. Kabla ya *Oresteia* aliweka tamthilia ya Euripides inayoonyesha Agamemnon akimtoa binti yake Iphigenia sadaka ili merikebu zipate upepo wa kwenda vitani. Ukishamwona binti akipelekwa madhabahuni, Klytemnestra anapomuua Agamemnon humwoni tena mke mzinzi tu. Unamwona mama wa marehemu. Robert Icke alipita njia hiyohiyo London mwaka 2015.

Yaël Farber wa Afrika Kusini aligusa mwisho wenyewe. *Molora*, neno la Kisotho lenye maana ya majivu, inaketisha Klytemnestra, hapa mama mzungu, na binti yake mweusi kwenye meza mbili zinazotazamana, kama ilivyokuwa katika Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyosikiliza mateso ya enzi za ubaguzi wa rangi. Mama anaonyesha hatua kwa hatua jinsi alivyomtesa mtoto. Korasi ni wanawake wa Ngqoko, kikundi cha waimbaji Waxhosa ambao koo moja hutoa sauti mbili kwa pamoja. Binti anapoinua shoka ili alipize kisasi, wanawake hao wazima wanainuka, wanamshika na kulichukua. Hawana hotuba, wana mikono. Tangu niijue *Molora* siwezi kusikia mtu akisema korasi ni mzigo wa kizamani.

Afrika imezichukuliaje tamthilia hizi upande wa jinsia?

Kwa ujasiri kuliko wengi wanavyodhani. Efua Sutherland wa Ghana aliichukua *Alcestis*, hadithi ya mke anayekubali kufa badala ya mumewe, akatunga *Edufa* katika miaka ya 1960. Kwa Euripides mke anarudishwa kutoka kuzimu, amefunikwa shela, hasemi neno. Kwa Sutherland harudi. Mume aliyemtega mke wake kwa maneno matamu ya mapenzi anabaki na maiti na fedheha. Femi Osofisan wa Nigeria aliwahamisha wanawake wa Troya, mateka wa vita katika tanzia ya Euripides, hadi Owu, mji wa Wayoruba ulioangamizwa karne ya 19. *Women of Owu* ilionyeshwa Uingereza mwaka 2004, Iraq ikiwa bado inawaka.

Lakini ninayoipenda kupita zote haina mwanamke hata mmoja jukwaani. Ni *The Island*, iliyotungwa na Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona mwaka 1973. Wafungwa wawili wa kisiwa cha Robben wanajiandaa kuwaigizia wenzao *Antigone*. Winston ndiye wa kumcheza Antigone. Anavaa nywele za bandia na matiti ya bandia, mwenzake anaangua kicheko, naye anavua kila kitu kwa hasira: yeye ni mwanamume, hatachekwa. Mwenzake anamwambia watacheka, ndiyo, lakini mwisho watasikiliza. Inakuja siku ya onyesho. Anasimama mbele ya Kreon kama mwanamke, anasema amemzika ndugu yake na hajutii, kisha anavua zile nywele na kuzungumza kama yeye mwenyewe, mfungwa. Kule nyuma alikuwa akiogopa kwamba nguo ya kike itampunguza. Imempa kinywa. Na jambo hili halikutungwa hewani, kwani *Antigone* iliigizwa kweli na wafungwa wa Robben, na Nelson Mandela mwenyewe alisimulia kwamba alicheza nafasi ya Kreon.

Kuna mandhari ya mwanamume kuvaa kike ndani ya tamthilia yenyewe?

Ipo, nayo ni ya kutisha. Katika *Bacchae* ya Euripides mfalme Pentheus anawachukia wanawake waliokwenda mlimani kumchezea ngoma mungu Dionysus, lakini anatamani kuwachungulia. Dionysus anamshawishi avae kama wao. Anatoka ndani amebadilika. Anauliza, nimesimama kama mama yangu? Mungu anamwambia, kishungi kimoja kimetoka mahali pake. Pentheus anajibu kwamba amekitikisa alipokuwa akicheza ndani. Mungu anakirudisha, anamwambia mshipi umelegea. Pentheus anageuka kutazama kisigino: upande wa kulia ndiyo, wa kushoto mbona umekaa sawa?

Watazamaji hucheka. Wacha wacheke, kwa sababu muda mfupi baadaye mama yake Agave atarudi na kichwa chake mkononi akidhani ni cha simba. Katika onyesho la jumba la maigizo la Almeida, London, mwaka 2015, Bertie Carvel alimcheza Pentheus na kisha Agave, kama inavyoaminika alifanya mwigizaji wa kale. Mtu yuleyule aliyeuliza kama amefanana na mama yake sasa ndiye mama.

Na wanawake kucheza nafasi za wanaume?

Inafanyika zaidi na zaidi. Mwaka 2021 Kae Tempest aliitunga upya ile *Philoctetes* isiyo na mwanamke kwa jina *Paradise*, na waigizaji wote walikuwa wanawake.

Tamthilia hizi zinawagusaje wanawake waliopitia vita kweli?

Mwaka 2013, jijini Amman, Jordan, wanawake wakimbizi kutoka Syria waliigiza *Wanawake wa Troya* pamoja na mwongozaji Omar Abusaada. Hawakuwa waigizaji. Waliichanganya tamthilia ya mwaka 415 KK na simulizi zao, nyumba walizoziacha na jamaa ambao hawakujua kama bado wako hai. Hecuba, malkia anayelala chini mavumbini, hakuhitaji kuelezwa kwao. Baadaye kazi hiyo ilizunguka Uingereza.

Kwa Kiswahili je?

Ipo *Mfalme Edipode*, tanzia ya Sophocles kuhusu Oedipus, baba yake Antigone, iliyotafsiriwa na Samuel Mushi, mtu aliyemtafsiri pia Shakespeare. Hiyo ni mali ya kuthaminiwa. Lakini ukimleta Antigone kwenye Kiswahili unakutana na jambo ambalo Harrison hakulijua: lugha yetu haitofautishi mwanamke na mwanamume katika kitenzi wala kiwakilishi. *Amemzika* ni nani? Yeyote.

Tazama mahali hapa. Mlinzi anamletea Kreon habari kwamba maiti iliyokatazwa imefunikwa udongo. Kwa Kigiriki Kreon hasemi "nani amethubutu?" Anasema "mwanamume gani amethubutu?" Hajafikiria kabisa kwamba mwanamke anaweza. Mfasiri akiandika *nani*, ambalo ndilo linalokuja ulimini, amemwokoa Kreon na upofu wake. Lazima *mwanamume gani*, hata kama sikio linasita. Baadaye Antigone akishaletwa, Kreon anasema kwamba akiachwa hivihivi basi mwanamume si yeye tena, mwanamume ni huyu. Nimeona rasimu iliyoweka *jikedume*. Hapana. Hilo ni tusi la kumpunguza binti, na Kreon hapo hatukani, anaogopa.

Lakini Kiswahili kinatoa pia. Kreon ni ndugu wa mama yake Antigone, kwa hiyo ni mjomba wake (na kwa balaa la nyumba ile, ambamo Oedipus alimwoa mama yake mwenyewe bila kujua, ni mjomba wa baba yake vilevile). Katika mazoezi fulani binti aliyemcheza Antigone aliingia, akasimama mbele ya mjomba mtawala, na hakutoa shikamoo. Hatukuwa tumepanga. Chumba kizima kilishtuka kabla hajasema neno lolote. Tuliiacha hivyo mpaka siku ya onyesho.

Nina kikundi kidogo. Nianze na nini?

Usianze na hotuba kubwa. Chukua mwisho wa *Medea*. Tafuta wanawake watano, wa umri tofauti ukiweza, uwakalishe mbele ya mlango uliofungwa. Mmoja akiwa nyuma ya mlango atoe sauti za watoto. Wape wale watano mstari mmoja tu, "Niingie ndani?", kila mmoja aseme kwa zamu yake, kwa kasi yake. Asiwepo anayeinuka. Kisha kaeni kimya mpaka mtu ashindwe kuvumilia.